Maswali Yenu: Mfumo Unapomtilia Shaka Mwenye Akaunti

Tangu tulipogusia akaunti za kazini zilizo kwenye wingu, barua zimekuwa zikija za aina mbili. Wasimamizi wa mifumo wanauliza namna ya kuuwezesha mfumo utambue kuingia kusiko kwa kawaida. Watumiaji nao wanauliza kwa nini mfumo huohuo unawasumbua. Nimezijibu pamoja kwa sababu jibu la mmoja linamgusa mwenzake.

SWALI: Mwalimu, mimi ni msimamizi wa mfumo katika taasisi yenye watumishi wapatao 200. Tunatumia Microsoft 365 na tumeshalipia leseni ya P2, daraja la juu la Entra ID, yaani huduma ya Microsoft ya kusimamia akaunti na kuingia. Mkurugenzi amesikia kuna sera zinazoamua nani aingie kulingana na kiwango cha hatari, na anataka niziwashe kabla ya Ijumaa. Nafikiria nimfungie kabisa kila atakayeonekana na hatari, hata ikiwa ndogo. Heri lawama kuliko fedheha.

JIBU: Ndugu yangu, ukifunga namna hiyo utapata lawama na fedheha vyote viwili. Nipe nafasi nieleze, kwa sababu hili ndilo jambo ambalo ningependa kila msimamizi alielewe kabla hajagusa kitufe chochote.

Mfumo unapima hatari za aina mbili, na wengi huzichanganya. Ya kwanza ni hatari ya tukio la kuingia: je, huyu anayebisha hodi sasa hivi ndiye mwenye akaunti? Hapo mfumo unalinganisha tukio na historia ya mtu huyo, yaani anwani ya IP (namba inayotambulisha muunganisho wake wa intaneti), mtandao anaotumia, mahali, kifaa na kivinjari. Ya pili ni hatari ya mtumiaji: je, akaunti yenyewe imeshaingia mikononi mwa mtu mwingine? Mfano ni pale jina na nenosiri la mtumishi wako vinapokutwa kwenye orodha za wizi zinazouzwa mtandaoni. Hatari ya namna hii inaweza kupanda hata kama mwenyewe hajafungua kompyuta siku nzima.

Kila moja ina viwango vitatu: ndogo, ya wastani na kubwa. Pendekezo la Microsoft, ambalo naliunga mkono, ni hili: hatari ya tukio ikifika wastani au zaidi, mtu adaiwe uthibitisho wa hatua mbili, yaani baada ya nenosiri ajibu swali la pili, kwa mfano kwenye simu yake; na hatari ya mtumiaji ikiwa kubwa, athibitishe kwanza kisha abadilishe nenosiri papo hapo. Tengeneza sera mbili tofauti. Ukiweka masharti yote mawili ndani ya sera moja, sera hiyo itasubiri yote mawili yatimie, na mwenye moja tu atapita bila kuulizwa kitu. Na katika sera zote mbili, weka kuwa uthibitisho udaiwe kila mara, usitosheke na ule alioufanya juzi.

Umeona tofauti? Sera hizi zinauliza. Mwenye akaunti akiulizwa hujibu ndani ya sekunde chache, jibu lake linaifuta ile hatari, naye anaendelea na kazi bila wewe kujua. Mwizi mwenye nenosiri peke yake anakwama palepale. Ukifunga, unawakwamisha wote wawili, ila mwenye akaunti ndiye atakayekupigia simu. Watakupigia asubuhi, watakupigia ukiwa kwenye kikao, na baada ya siku chache utaanza kuwafungulia watu kwa kusikia sauti tu. Wadukuzi wanaijua sana hali hiyo. Wanapiga simu kwenye dawati la msaada wakijifanya mtumishi aliyefungiwa, mwenye haraka, anayeogopa bosi wake. Sera kali isiyo na njia ya mtu kujithibitisha mwenyewe ndiyo inayowafungulia mlango huo. Hatari ndogo iache ipite. Isome kwenye ripoti, usimsumbue mtu kwayo.

Sasa kwa nini si Ijumaa. Mtu hawezi kujibu swali kama hana cha kujibia. Mtumishi ambaye hajasajili njia yake ya pili ya uthibitisho, siku sera itakapomshuku atafungiwa, na hawezi kujiokoa mpaka umshike mkono wewe. Kwa hiyo kazi kubwa ni usajili, na inatangulia sera. Fungua ripoti ya njia za uthibitishaji, itakuonyesha nani amesajili na nani bado. Anza na wenye madaraka ya usimamizi, kisha wanaoshika fedha, kisha makatibu wa wakubwa, maana wao husoma barua za watu wengine. Mkurugenzi mwenyewe usimwache nyuma. Wape programu ya simu inayodai namba, au bora zaidi ufunguo wa siri wa FIDO2, yaani ufunguo wa kidijitali unaokaa ndani ya kifaa chake na kutumika badala ya nenosiri. Ujumbe mfupi wa simu uwe wa mwisho.

Kuna jambo moja linasahauliwa na linaniumiza kila nikilikuta: usajili wenyewe ulindwe. Kama akaunti haina njia ya pili, mwizi mwenye nenosiri anaweza kutangulia, akasajili simu yake, na tangu hapo mfumo unamtambua yeye kama mwenye mali. Weka sera inayoruhusu kusajili taarifa za usalama kutoka mtandao wa ofisi tu au kwenye kifaa kinachosimamiwa, yaani kilichoandikishwa na kudhibitiwa na taasisi. Aliye mbali mpe pasi ya muda inayokwisha baada ya saa chache, na umpe baada ya kumwona uso kwa uso, hata kama ni kwa video.

Mengine ni ya haraka. Kama manenosiri yenu bado yanatunzwa kwenye seva ya ofisini na kunakiliwa kwenye wingu, hakikisha mabadiliko yanayofanywa kwenye wingu yanarudi hadi kwenye seva. Bila hivyo mtu ataambiwa abadilishe nenosiri na hataweza. Tengeneza akaunti mbili za dharura zilizo kwenye wingu tu, uziweke nje ya sera hizi, uzilinde kwa funguo za FIDO2 zinazofungiwa mahali tofauti, na upate tahadhari kila mojawapo ikitumika. Kisha washa sera katika hali ya kuripoti tu, uziache hivyo wiki mbili au tatu. Hali hiyo haimzuii mtu, ila inakuonyesha nani angeulizwa na nani angefungiwa. Mpelekee mkurugenzi orodha hiyo. Ataelewa haraka kuliko ukimweleza kwa mdomo.

SWALI: Mhasibu wetu mkuu anaripotiwa kila mara kuwa ameingia kutoka nchi mbili ndani ya saa moja. Hajasafiri popote. Nimechoka kufuta tahadhari zake. Nimtoe kwenye sera?

JIBU: Usimtoe. Anayeidhinisha malipo ndiye anayewindwa kuliko wote, na ukimtoa umemwacha uwanjani peke yake. Tatizo lako linatibika, na dawa inaanza kwa kusoma kumbukumbu za kuingia taratibu, mstari kwa mstari. Tuusome pamoja mfano uliouambatanisha.

Mstari wa kwanza ni wa saa 3:12 asubuhi. Kompyuta ya Windows, kivinjari cha Edge, kifaa kina kitambulisho na kimesajiliwa kwenu. Mstari wa pili ni wa saa 3:40. Programu ya Outlook kwenye simu, mfumo wa iOS, na anwani ya IP inayosomeka kuwa ni ya nchi nyingine. Wengi huishia hapo, wakaona jina la nchi wakashtuka. Wewe endelea. Tazama anwani hiyo ni ya mtandao gani: ni wa kampuni ya simu za mkononi. Data ya simu hupita kwenye lango la kampuni kabla ya kutoka kwenda intaneti, na lango hilo linaweza kuwa mbali sana na mtu aliyeshika simu. Wakati mwingine hata lango liko karibu, ila orodha inayotafsiri anwani za IP kuwa mahali imepitwa na wakati. Sasa shuka chini kwenye kitambulisho cha kifaa. Ni simu ileile iliyoingia mwezi uliopita na mwezi wa kabla yake. Hapo moyo utulie.

Usiishie kuifuta tahadhari. Kuna kitendo cha kuthibitisha kuwa tukio lilikuwa salama, na hicho ndicho kinachoufundisha mfumo. Kisha ondoa chanzo. Simu yake iandikishwe kama kifaa kinachosimamiwa. Kama mnatumia VPN ya taasisi, yaani njia ya siri inayopitisha intaneti ya watumishi kwenye mtandao wenu, ziandike anwani zake za kutokea kama mahali panapoaminika. Ila usiandike mtandao mzima wa kampuni ya simu kuwa wa kuaminika, maana utakuwa umewaamini wateja wake wote, na mwizi anaweza kuwa mmoja wao.

Kumbuka pia kuwa mfumo unahitaji muda wa kumzoea mtu. Kipimo cha safari zisizo za kawaida kwa Microsoft hujifunza kwa siku 14 au kwa kuingia mara 10, lolote litakalotangulia. Mtumishi mpya, au aliyebadilisha vifaa vyake vyote wiki moja, atazua kelele kidogo. Mvumilieni.

Mstari wa kukufanya usimame ni wa namna nyingine: hakuna kitambulisho cha kifaa, anwani ni ya kampuni inayokodisha seva, kivinjari hajawahi kukitumia, nenosiri limekubalika mara ya kwanza bila kukosewa, na dakika chache baadaye kumetengenezwa kanuni kwenye sanduku la barua inayohamisha kimyakimya kila barua yenye neno "ankara". Ukiona hivyo, thibitisha kwenye mfumo kuwa akaunti imevamiwa, usisubiri kumpigia mtu simu kwanza.

Nakuomba usiifanye nchi kuwa hakimu. Novemba 2023 kundi la kijasusi la Urusi ambalo Microsoft huliita Midnight Blizzard lilianza kujaribu manenosiri kwenye akaunti za Microsoft yenyewe. Walijaribu manenosiri machache, kwa akaunti chache, polepole, wakipitishia majaribio kwenye anwani za intaneti za majumbani mwa watu wa kawaida. Akaunti iliyowafungulia ilikuwa ya majaribio, ya zamani, isiyo na uthibitisho wa hatua mbili. Uvamizi uligunduliwa tarehe 12 Januari 2024, na kufikia hapo walikuwa wameshasoma barua pepe za baadhi ya viongozi wa kampuni. Anwani ya nyumbani haina harufu ya mwizi. Ndiyo maana kipimo kinatakiwa kutazama mambo mengi kwa pamoja, na ndiyo maana akaunti uliyoisahau inahitaji ulinzi uleule wa akaunti ya mkurugenzi.

SWALI: Mimi ni karani, si mtaalamu. Usiku wa kuamkia jana simu yangu ililia mara nyingi ikiniuliza kama naidhinisha kuingia kwenye akaunti ya kazini. Sikuwa naingia popote. Mwishowe nikaizima nikalala. Nimekosea?

JIBU: Hukuidhinisha, na hilo ndilo kubwa. Hongera kwa kutokubali kuchoshwa, kwa sababu kukuchosha ndiyo ilikuwa nia yao. Septemba 2022 kampuni ya Uber iliingiliwa kwa njia hiyohiyo: mdukuzi alikuwa na nenosiri la mfanyakazi wa mkataba, akatuma maombi mfululizo, na mwishowe moja likakubaliwa.

Lakini kazi haijaisha. Kwa akaunti nyingi, ombi la namna hiyo haliji mpaka kwanza nenosiri sahihi limeandikwa. Maana yake ni kwamba kuna mtu analo nenosiri lako. Libadilishe leo, kwenye kifaa chako, kwa kuandika mwenyewe anwani ya ukurasa na si kwa kubofya kiungo ulichotumiwa. Kama umelitumia nenosiri hilo mahali pengine, libadilishe na huko. Kisha mwambie msimamizi wenu saa ambayo maombi yalianza. Atalipata tukio kwenye kumbukumbu na ataona nani mwingine amejaribiwa usiku huohuo.

Siku nyingine ombi likija hujaliomba, bonyeza kukataa, na kama programu inakupa nafasi ya kuripoti, ripoti. Kukataa kunampa msimamizi ishara ambayo kuzima simu hakumpi. Tangu Mei 2023 programu ya Microsoft Authenticator inadai uandike namba inayoonekana kwenye skrini unayoingilia, badala ya kubonyeza "ndiyo" tu. Mtu akikupigia simu akakutajia namba ya kuandika, hata akijitambulisha kuwa ni wa idara ya mifumo, kata simu. Huyo ndiye mwizi.

SWALI: Tukishaweka sera hizi, tuendelee kuwalazimisha watu kubadilisha nenosiri kila baada ya siku 90?

JIBU: Hapana. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilishauri tangu 2017 kwamba watu wasibadilishiwe manenosiri kwa kalenda, ila walazimishwe pale panapokuwa na ushahidi kuwa nenosiri limevuja. Toleo lake la 2025 limelifanya hilo kuwa katazo. Ukimlazimisha mtu kila robo mwaka, ataongeza tarakimu moja mwishoni. Sehemu ya pili ya ushauri huo ndiyo inayopuuzwa. Mwaka 2024 wadukuzi waliingia kwenye akaunti za wateja wa Snowflake, kampuni ya kuhifadhi data kwenye wingu, na mashirika yapatayo 165 yakaarifiwa kuwa huenda yameguswa. Walitumia manenosiri yaliyoibwa na programu hasidi kwenye kompyuta za watu, mengine tangu 2020, yakiwa bado yanafanya kazi, na akaunti zile hazikuwa na hatua ya pili. Sera ya hatari ya mtumiaji ipo kwa ajili ya hili: nenosiri libadilishwe siku lilipojulikana kuvuja. Kwa hiyo futeni kalenda baada ya sera kuanza kufanya kazi, si kabla.

SWALI: Sisi ni shirika dogo. Leseni ya P2 hatuiwezi. Ina maana hatuna ulinzi?

JIBU: Mna ulinzi mzuri kuliko mnavyodhani. Entra ID ina mipangilio chaguo-msingi ya usalama, yaani iliyopangwa tayari na Microsoft, isiyolipiwa. Inamlazimisha kila mtu kusajili uthibitisho wa hatua mbili, inawadai wasimamizi uthibitisho huo kila wanapoingia, inawadai wengine inapohitajika, na inafunga njia za kizamani za kuingilia barua pepe, zile za IMAP na POP zinazopokea jina na nenosiri tu bila swali la pili. Kwa shirika lenye watu wachache, hiyo inazuia sehemu kubwa sana ya mashambulizi, kwa sababu mengi ni ya kubahatisha manenosiri. Iwasheni.

Mkiwa na leseni ya kati, P1, mnaweza kutunga sera za masharti wenyewe: kudai hatua ya pili kwa kila mtu, kudai kifaa kinachosimamiwa, kufunga njia za kizamani. Mnachokosa kwa sera hizi ni kipimo cha hatari. Mipangilio chaguo-msingi na sera zenu za masharti haviendi pamoja, kwa hiyo sera zenu ziwe tayari siku mtakapoizima ile mipangilio, pasiwe na siku ya katikati isiyo na ulinzi. Watumiaji wa Google Workspace au Okta nao wana vipimo vya namna hii kwa majina mengine. Utaratibu wa usajili kwanza na sera baadaye ni uleule.

SWALI: Nimesikia wadukuzi siku hizi wanaiba tokeni, wanaingia bila nenosiri wala hatua ya pili. Kama ni hivyo, sera zote hizi za nini?

JIBU: Ulichosikia ni kweli, na ni swali zuri kuliko yote niliyopata safari hii. Mtu analetewa kiungo cha ukurasa unaofanana na ule halisi. Ukurasa huo unakaa katikati: anachoandika unakipeleka kwenye mfumo wa kweli, swali la hatua ya pili linaletwa, anajibu, na mfumo unatoa tokeni, yaani ile hati inayokiambia kivinjari kuwa huyu ameshathibitishwa. Aliye katikati anaibakiza kwake. Kuanzia hapo haulizwi tena.

Kipimo cha hatari bado kina kazi, kwa sababu tokeni iliyoibwa hutumiwa kutoka mtandao na kivinjari ambavyo si vya mwenyewe, na mfumo huliona hilo mara nyingi. Ila kwa wanaoshika fedha na wasimamizi, nataka uende mbele zaidi. Ufunguo wa siri wa FIDO2 umefungwa kwenye anwani halisi ya ukurasa. Kwenye ukurasa bandia haujibu kabisa, hata mtumiaji akidanganyika kiasi gani. Na ukidai kifaa kinachosimamiwa, anayejaribu kuingia kupitia ule ukurasa wa katikati hatoi ushahidi wa kifaa, kwa hiyo tokeni haitolewi.

Ikishatokea, kubadilisha nenosiri peke yake hakutoshi. Tokeni ya kawaida huishi kama saa moja, lakini nyuma yake ipo nyingine inayoomba mpya. Kwa hiyo badilisha nenosiri, kisha hapohapo batilisha vipindi vyote vya kuingia vya mtumiaji huyo, ili kila kifaa kidaiwe kuingia upya. Halafu ingia kwenye orodha ya njia zake za uthibitisho uangalie kama kuna simu asiyoijua, kwenye kanuni za sanduku lake la barua, na kwenye programu alizozipa ruhusa ya kusoma data yake. Mpigie mwenyewe akiwa mbele ya kompyuta, mpitie orodha hizo pamoja, kila mstari akwambie kama ni wake. Asioutambua ufute hapohapo, na kabla ya kuufuta andika saa ulipoongezwa. Kwa saa hiyo utarudi kwenye kumbukumbu kutafuta akaunti nyingine zilizoguswa kutoka anwani ileile.